Mgeni Achague Wimbo

Nyama ikilala kwenye kioo, mimi silali. Na wiki ile ilikuwa imelala kweli. Paja zima lilikuwa likining'inia kwenye ndoano tangu juzi yake, limeanza kugeuka rangi ya matofali, nami nilikuwa nikizunguka ndani ya bucha kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifuta kioo. Nilinoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari. Nilifuta kioo tena. Nje, watu wa mtaa wetu wa Komarock walipita wakausoma ubao wangu wa bei, wakatikisa kichwa, wakaenda zao kwa mama wa maharagwe.

"Niaje mathe." Kijana mmoja wa gereji aliingia na mikono yake ya oili. "Robo inaenda ngapi?"

"Mia na sabini."

"Zii! Kwani huyo ng'ombe alikuja na ndege? Nikatie tu mifupa ya supu, ya hamsini."

Nilimkatia. Nilitamani kumpiga nayo, lakini alikuwa na haki yake.

Jina langu ni Nakhumicha, ingawa mtaani wananiita Mama Nekesa. Bucha hii ilifunguliwa na mume wangu, Masinde, na alipofariki watu walidhani ningeiuza nirudi Bungoma nikalime. Sikuuza. Ninajua kukata nyama kuliko wanaume wengi wa barabara hii, na kelele za wateja ndizo zinazonizuia nisianze kuongea peke yangu. Bila bucha sina chakula, sina kodi ya nyumba, sina hata sababu ya kuamka asubuhi.

Sasa mtu ataniuliza: kama nyama hainunuliwi, si ushushe bei? Huyo hajui mambo yetu. Kwetu bei haishushwi wala haipandishwi na mtu mmoja. Kwetu bei inaimbwa.

Kila Jumatatu alasiri, biashara ikiwa imepoa baada ya wikendi, wenye bucha wote wa upande wetu wa Barabara ya Kangundo tunakutana kwenye ukumbi mmoja wa mabati kwa maombi. Tunaomba kweli, nisidanganye. Tunaombea wagonjwa, tunachangia arusi na matanga, tunakunywa chai na mandazi. Kisha tunafunga kwa wimbo mmoja kutoka kitabu cha nyimbo, na nambari ya wimbo huo ndiyo bei ya kilo. Tukiimba wimbo wa sitini na nane, kesho yake ubao wa kila bucha unasoma mia sita na themanini. Hakuna anayetaja shilingi. Asiyefika anamuuliza jirani, "Jana mlifunga na upi?" na mambo yameisha.

Taabu ni kwamba nyimbo hazijui majira. Nambari za sabini zote ni za Krismasi, na kuna mwaka tuliziimba Julai nzima, baridi ikituuma, tukimshangilia mtoto horini. Wimbo wa sitini na sita ni wa arusi. Tuliuimba juma lile tulilomzika mama yake Luseno, jirani yangu mwenye bucha ya kona, naye akalia machozi ya aina mbili kwa mpigo. Luseno huyo huyo ndiye aliyetuharibia siku moja. Mhubiri mgeni alifunga ibada kwa wimbo wa hamsini, ambao haukuwa bei, ulikuwa wimbo tu wa kuomba baraka. Luseno alikuwa amesinzia. Akaamka, akasikia hamsini, akaenda akauza kilo kwa mia tano mpaka nyama ikaisha na watu wakagombana mlangoni. Tangu hapo tukaweka sheria: wimbo wa kufunga ni mmoja, na hautolewi na mwingine ila yule aliyeambiwa na mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Mzee Phares Wachira. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akiinua sauti, na huvaa sweta ya kijivu hata jua likiwaka. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama. Phares ndiye anayekwenda mnadani kununua ng'ombe, ndiye anayewachinjisha, na gari jeupe linalotushushia nyama alfajiri ni lake. Ukiuza chini ya wimbo hakugombezi. Gari linapita tu mlangoni kwako bila kusimama. Opicho, aliyekuwa na bucha karibu na kituo cha mafuta, alijaribu. Gari likampita, akaenda mwenyewe machinjioni na pikipiki yenye sanduku, akaambiwa kila ng'ombe anayening'inia pale ana mwenyewe. Leo Opicho anauza viatu vya mitumba sokoni Muthurwa, na tukikutana ananiuliza kama bado naimba sauti ya kwanza.

Redio nayo haikunisaidia. Wiki ile wafugaji walikuwa wakilia kwamba ukame unawamaliza, wanauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi kwa sababu mnunuzi anayefika mnadani ni mmoja tu. Nilisikiliza nikiwa nimeshika kisu. Mfugaji analia kwamba ng'ombe wake hana bei, mlaji analia kwamba nyama haishikiki, na katikati yao kuna gari jeupe. Hasira zilinipanda nikaizima redio, kisha nikaiwasha tena, kisha nikaizima.

Lakini nimchukieje Phares? Masinde alipolala hospitali na bili ikawa mlima, Phares ndiye aliyezunguka bucha kwa bucha akikusanya mchango, na kilichopungua akakitoa mfukoni mwake. Alikuja nasi hadi Bungoma. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kwenda shambani kwetu ilikuwa tope tupu, na yule mzee wa Nyeri mwenye goti bovu aliingiza bega chini ya jeneza la mume wangu pamoja na vijana wa kwetu, akateleza, akainuka, hakuliachia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hilo sikulisoma popote, nililiona kwa macho yangu.

Siku ile ile ya mifupa ya supu aliingia msichana mmoja mwenye mkoba mkubwa. Nilikuwa nimeshamwona kwa mbali, akitoka bucha moja akiingia nyingine, na kila akitoka ana kifuko kingine mkononi. Nikajiuliza, msichana gani huyu anayenunua robo kila mahali? Ana mbwa wangapi?

"Habari yako, mama. Naomba robo," akasema, na nilipokuwa nikipima akaweka kitambulisho juu ya kioo. "Naitwa Waithera. Natoka kwa ofisi ya serikali, ile inaangalia kama wafanyabiashara wanashindana kwa haki. Nimeuliza bei kwa bucha zote za hii barabara na zote ni sawa, hata shilingi moja haitofautiani. Mama, hapa mnaelewana?"

Mwanamke aliyelelewa vizuri akiulizwa kama anaelewana na majirani wake atajibu nini?

"Tunaelewana sana!" nikamwambia, kifua mbele. "Sisi hapa ni kama ndugu. Hakuna siku utasikia tumekosana."

Macho yake yakabaki usoni kwangu. "Mnaelewana kuhusu bei?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Kumbe kuelewana kwake na kuelewana kwangu ni vitu viwili. Kwetu kuelewana ni sifa, kwake ni kesi.

"Kuhusu Mungu," nikasema haraka. "Tunasali pamoja kila Jumatatu. Njoo ujionee mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa. Nilipolisikia neno limeshatoka. Alitabasamu, akauliza ni saa ngapi, akachukua robo yake na kwenda.

Sikuweza kukaa. Nilivua aproni, nikavuta mlango, nikaenda karibu mbio hadi bucha ya Phares nikamweleza yote. Alikuwa akinywa uji. Alimaliza kikombe kwanza, akapangusa midomo.

"Mwache aje," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakuta watu wa Mungu wanaomba Mungu. Serikali itashtaki wimbo?" Kisha akaniangalia kwa upole wake ule. "Na Jumatatu utaongoza wewe, Mama Nekesa. Uko na sauti nzuri. Utafunga na sabini na mbili."

"Sabini na mbili? Mzee, hata kwa sitini na nane hawanunui. Nyama yangu inakauka."

"Ng'ombe wamepanda."

"Redio inasema wameshuka."

"Redio haichinji ng'ombe," akasema, na akaniaga kama baba anavyomuaga mtoto aliyeuliza maswali mengi.

Wikendi hiyo nilizidi kuhangaika. Nilikwenda kanisani Jumapili nikatoka bila kujua mahubiri yalikuwa ya nini. Nilifungua bucha mapema, maana Jumapili ni siku ambayo hata asiye na kitu hula nyama, nikasimama mlangoni. Nikamwona Nyongesa. Ni mtu wa kwetu, mfanyakazi wa kiwandani, ana watoto wengi na mke mcheshi, na zamani hakuna Jumapili iliyopita bila yeye kuja kuchukua kilo yake na kunitania kwa Kibukusu. Sasa aliponiona mlangoni alivuka barabara, akapita upande wa pili akiangalia chini, mtu mzima na ndevu zake, anaona haya kwa sababu ya nyama. Moyo uliniuma, halafu ukanichemka. Nikarudi ndani nikafuta kioo kwa nguvu hadi kikalia.

Jumatatu Waithera alifika kabla ya wengi wetu. Alivaa kitambaa kichwani, akakaa mstari wa mbele, akapewa kitabu cha nyimbo. Luseno alimwona akataka kurudi nyuma, nikamshika mkono. Phares aliomba maombi marefu: akaombea mvua, mifugo, wajane, wagonjwa, serikali na maofisa wake wote ili wapewe hekima. Hapo wenye bucha waliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Chai ikanywewa. Waithera alisifu mandazi.

"Sasa Mama Nekesa atatufungia na wimbo," Phares akasema, akanitikisia kichwa kidogo.

Nilisimama. Sitaki mtu aseme nilikuwa nimepanga, maana sikuwa nimepanga kitu. Nilisimama nikiwa bado mtu wa Phares, kitabu kimefunguliwa pale pale kwenye sabini na mbili, na mdomo nimeshaufungua. Lakini niliwaona wale wanaume wameinua vitabu vyao, kila mmoja akingoja nimtajie bei, na nikamwona Nyongesa akivuka barabara. Kisha nikamwona Waithera akipekuapekua kurasa kwa furaha, akitafuta wimbo anaoujua.

"Kwetu Bungoma," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "mkiwa na mgeni kwenye maombi, mgeni ndiye anayechagua wimbo."

Phares alikohoa.

"Kweli?" Waithera akasema. "Basi mimi naomba hamsini na tano. Cucu yangu alikuwa anauimba tukichuma chai."

Kule nyuma mtu alisema "Yesu!" na haikuwa sala. Luseno alinigeukia macho yamemtoka, kana kwamba dhambi yake ya zamani imemrudia. Hakuna aliyeanza wimbo. Nikaanza mimi. Kwa ubeti wa kwanza tulikuwa wawili tu, mimi na mgeni, yeye amefumba macho anamwona nyanya yake, mimi nimefumbua yangu namwona Phares. Kisha mmoja mmoja wakaingia, kwa sauti za watu wanaozika.

Tulipomaliza, Phares alisimama. "Tuongeze mmoja," akasema. "Sabini na mbili."

"Lakini hiyo si ni ya Krismasi, mzee?" Waithera akacheka. "Na huu ni mwezi wa tatu!"

"Yesu huzaliwa kila siku, mwanangu," Phares akajibu.

Tukaimba. Lakini tangu lini nyimbo za kufunga zikawa mbili? Wenye bucha walitoka nje wakinong'onezana, "Ni ule wa kwanza ama wa pili?" na wakawa wanamtafuta mwenyekiti kwa macho. Mwenyekiti hakuweza kuwajibu. Waithera alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili, akimshukuru kwa chai, akimuuliza habari za Nyeri, na hakumwachilia mpaka watu wote walipotawanyika.

Kesho yake nilifuta ubao nikaandika mia tano na hamsini. Niliandika haraka, hamsini ikapinda. Faida ilikuwa nyembamba, lakini nyama ilitembea. Yule kijana wa gereji aliingia akasoma ubao mara mbili. "Mathe! Hii ni ya ukweli ama umekosea?" Nikamwambia anunue kabla sijapata akili. Akatoka mbio kuwaita wenzake. Nyongesa alikuja na mke wake, akaninyooshea kidole akasema kwa Kibukusu kwamba alidhani nimekuwa tajiri nimewasahau. Nilicheka hadi nikalazimika kuegemea gogo la kukatia. Sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo ilikuwa lini.

Na si kwangu tu. Bucha zingine ziliandika mia saba na ishirini, kwa kufuata wimbo wa pili. Luseno, aliyeogopa kukosea tena, aliuacha ubao wake ulivyokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu nijue barabara ile, mtu angeweza kutembea akakuta bei tatu, akachagua. Kina mama walikuwa wakisimama katikati ya njia wakilinganisha vifuko. Ilipofika saa nane mmoja wa wale wa mia saba na ishirini alifuta ubao wake kimya kimya akaandika mia sita. Nilimwona, akaona kwamba nimemwona, akageuka.

Jioni Waithera aliingia na vifuko vyake.

"Jumatatu asubuhi bei ilikuwa moja," akasema. "Leo ni nne. Katikati yake kulikuwa na nini? Maombi tu. Mimi nikachagua hamsini na tano, na wewe leo unauza mia tano hamsini." Hakuwa anatabasamu tena. "Mama, mimi si mjinga. Lakini nikienda ofisini nikasema nimeona wimbo, watanicheka. Nahitaji mtu mmoja aniambie kwa mdomo wake nani hupanga, na nini hufanyika kwa anayekataa."

"Mimi sijui, mwanangu. Mimi ni mwimbaji tu."

Akaniwekea nambari yake ya simu, akaenda. Nilibaki nimejichukia. Watu watasema niliogopa gari jeupe, na kweli niliogopa, lakini si woga peke yake. Yule mzee nilimpenda. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba bei nitashusha, lakini jina lake halitatoka kinywani mwangu. Nilidhani mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa mlangoni kabla ya jua. Gari jeupe lilikuja, likapunguza mwendo kwenye tuta, likanipita. Dereva, Ndung'u, ambaye nimemkatia maini ya bure miaka yote, alikuwa anaangalia mbele kama amefungwa shingo. Nikalitazama likisimama kwa Luseno. Nikaingia ndani nikaziosha ndoano ambazo hazikuwa na kitu. Nikatoka. Nikaingia tena. Nikakodi pikipiki yenye sanduku nikaenda machinjioni, nikiwa na pesa taslimu mkononi, na kijana mmoja mwenye gambuti akaniambia bila hata kunitazama, "Hawa wote wako na wenyewe, mathe." Ng'ombe walining'inia safu kwa safu mpaka mwisho wa jengo. Nilitaka kulia nikaona sitampa faida hiyo.

Siku ya pili gari lilinipita tena. Wateja waliokuja mbio kwa bei mpya walikuta kioo kitupu. "Kwani mathe, umefunga?" Nikawaambia nangoja mzigo. Nyongesa alikuja akaangalia ndoano, akaangalia uso wangu. Aliondoka polepole, na safari hii hakuvuka barabara, lakini mkononi hakuwa na kitu. Nilitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi mlangoni. Jirani wa duka la simu aliniuliza kama naumwa tumbo.

Siku ya tatu gari lilisimama. Ndung'u alifungua mlango wa nyuma, na pale ndani nikaona nusu ng'ombe, nyama nyekundu safi, mafuta yake meupe, nyama ya kumfanya mwenye bucha asahau shida zake. Phares mwenyewe alishuka mbele, na sweta yake, akichechemea na goti lake. Akaingia, akavua kofia.

"Mama Nekesa," akasema. "Sikuja kugombana. Hiyo nyama ni yako, utalipa ukiuza. Futa tu huo ubao uandike vile wenzako wataandika, na Jumatatu usimame uwaambie watu kwamba ulikosea wimbo. Yule msichana akija, hujui kitu. Ni hayo tu."

Niliangalia ile nyama. Nilikuwa na njaa ya kazi kuliko njaa ya chakula, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta kisu yenyewe. Nikasema, "Mzee, ukiniachia niuze kwa bei ninayoweza kuuza, utakuwa umepoteza nini? Nyama yako nitailipia yote."

"Nikikuachia wewe, nitamwachia kila mtu."

"Na kwani kuna ubaya gani?"

Akapumua kwa kuchoka. Ndipo akasema lile neno, kwa sauti yake ile ya chini, huku ananionea huruma. "Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Mama Nekesa, mimi nilimbeba Masinde. Hili bega ndilo lilimbeba."

Nilishika ukingo wa kioo. Miaka yote hiyo nimelibeba lile tope la Bungoma moyoni kama kitu kitakatifu. Kila nilipoimba bei yake, niliimba nikiliona bega lake. Na yeye alikuwa amelihifadhi, kama mtu anavyohifadhi nyama kwenye barafu, akingoja siku itakapohitajika.

"Mzee," nikamuuliza, "ulimbeba kwa mapenzi, au ulimbeba kwa kilo?"

Alifungua mdomo. Nilingoja. Naapa kwamba kama angesema kwa mapenzi, akasema tu na akaniangalia, sijui ningefanya nini, huenda ningefuta ubao. Lakini alitazama chini, akaigeuzageuza kofia yake, na hakusema.

Nikatoa simu pale pale mbele yake. Waithera alipokea upesi.

"Ni mimi, Mama Nekesa wa bucha," nikasema. "Ulitaka mtu wa kukuambia kwa mdomo wake. Njoo, nitakuambia yote, na nitakuja popote mtakaponiita niyarudie."

Phares alivaa kofia. Hakuinua sauti, hata wakati huo. Alitoka akichechemea, akamwashiria Ndung'u, na nusu ng'ombe wangu ikafungiwa ndani ya gari ikaondoka. Machozi yalikuwa yakinitoka bila kizuizi, na wapita njia walikuwa wakinitazama kupitia kioo kitupu.

"Mama, bado uko?" Waithera akauliza kwenye simu. "Ni nani anayepanga?"

Nikavuta pumzi, nikamtaja yule mzee kwa majina yake yote mawili.